Kanga za Bibi Ziwe Mfarishi: Vidokezo Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Sanduku la bibi likifunguliwa baada ya arobaini, kanga hukutwa nyingi kuliko tulivyodhani. Nyingine bado ni doti nzima, hazijakatwa wala kupindwa. Nyingine zimelainika kwa kubeba wajukuu. Kuzigawa mojamoja ni desturi njema. Ila ipo njia ya pili: kuziunga ziwe mfarishi mmoja, kisha kumpa fundi aushone kwa mashine ili udumu hadi kwa vitukuu.

Wala kuunga vitambaa si jambo geni kwetu. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zilizochapwa kwenye jora, wakazikata na kuunga sita sita wapate vazi moja. Kanga ilizaliwa kwa sindano ya namna hiyo. Nikushauri basi, maana mkasi ukishapita haurudi.

1. Warithi kwanza, mkasi baadaye. Nguo za marehemu ni sehemu ya urithi wake, na mwenye haki si wewe peke yako. Kaa na shangazi, wajomba na ndugu zako, kila mmoja achague kanga anayotaka ibaki nzima. Zitakazosalia ndizo za mfarishi. Hapo hapo uliza: hii alinunuliwa na nani? Hii aliivaa kwenye harusi ya nani? Andika majibu kwenye daftari. Utayahitaji mwishoni.

2. Fua kila kitu, hata kile kilichofuliwa miaka ishirini. Kanga ambayo haijavaliwa ina wanga wa kiwandani, na pamba hurudi inapoonja maji. Hatari kubwa zaidi ni rangi. Mfarishi wangu wa kwanza niliutengeneza kwa kanga nyekundu ya marehemu mama, nikaipanga kando ya bafta nyeupe bila kuifua. Ulipofuliwa mara ya kwanza, bafta yote iligeuka ya waridi, na hakuna sabuni iliyoiokoa. Nililia kweli. Kwa hiyo loweka kila kanga peke yake kwenye maji baridi, badilisha maji mpaka yabaki meupe, kisha lowanisha pembe moja na uibane kwa pasi juu ya kitambaa cheupe. Kikipata doa, rudi kwenye beseni. Chumvi ambayo wengi wetu tumefundishwa kutia haizuii rangi za viwandani za siku hizi. Kanga isiyoacha kutoa rangi iache nje, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

3. Soma jina kabla ya kukata. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndilo lililomfanya bibi achague ile na si ile nyingine. Ukikata vipande vya mraba bila kutazama, “Wema hauozi” itabaki “ma hauo”. Kata ukanda wa jina kwanza, mzima, uuweke kando. Majina manne au matano yaliyopangwa katikati ya mfarishi, au kuuzunguka, yatawapa watoto kitu cha kusoma kila wanapoutandika. Palipotoboka, bandika kitambaa chepesi kwa nyuma au paruke.

4. Piga hesabu. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ikikatwa miraba ya sentimita 20 hutoa vipande 35. Vipande 121, kumi na kimoja kwa kumi na kimoja, vikiunganishwa kwa mshono wa robo inchi vinatoa mfarishi wa mita mbili na kitu kila upande, unaotosha kitanda cha futi 5 kwa 6 na kuning’inia pembeni. Kwa hesabu kavu doti mbili zinatosha. Ukishatoa majina na sehemu zilizochakaa, tenga tatu.

5. Mgongo na pamba visikushinde. Mfarishi ni matabaka matatu: uso, pamba ya katikati na mgongo. Mgongo unaofaa ni pamba tupu isiyo nzito, marekani au shuka safi. Pamba ya katikati iwe ile inayouzwa kama tabaka lililoshikana. Sufi ya magodoro itakimbilia pembeni na kuacha mabonge. Kwa joto la Tanga au Mombasa chagua tabaka jembamba; aliyeko Toronto anaweza kuchagua nene.

6. Jua fundi wako ana mashine ipi. Hili ndilo linalowachanganya watu wengi. Fundi wa cherehani ya kawaida huusukuma mfarishi chini ya sindano, kwa hiyo matabaka lazima yapigwe bandi kwanza, tena kwa karibu, yasitelezane. Mashine ya kazi hii hasa, iliyozoeleka Marekani na Uingereza, ni nyingine kabisa: matabaka yanavutwa kwenye fremu ndefu yenye mirija ya kuviringishia, na kichwa cha mashine ndicho kinachotembea juu ya kitambaa. Fundi mwenye mashine hii mpelekee matabaka yakiwa mbalimbali, bila bandi, na mgongo uuzidi uso kwa angalau sentimita 10 kila upande. Kwa wote wawili: piga pasi mishono, kata nyuzi zinazoning’inia, na usiweke kifungo wala shanga mpaka kazi iishe.

Anayetaka mkono kuliko mashine ana watu wa kujifunza kwao. Wanawake wa Siddi wa Karnataka, India, vizazi vya Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, hutengeneza kawandi, mfarishi wao, kwa nguo kuukuu, wakishona kwa mkono kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ni kazi ya subira kubwa, na naiheshimu. Lakini kwa mfarishi utakaofuliwa mara kwa mara, mashine ndiyo chaguo langu.

7. Mchoro uwe mtulivu. Kanga ina maneno na maua ya kutosha. Mawimbi mapana yanayotoka ukingo hadi ukingo yanapendeza, bei yake ni nafuu kuliko michoro ya kipande kwa kipande, na mfarishi unabaki laini. Mishono ikibanana sana, unakuwa mgumu kama mkeka.

8. Uliza bei kwa eneo. Marekani mafundi wengi hutoza kwa inchi ya mraba. Mfarishi wa inchi 80 kwa 80 una inchi za mraba 6,400, hivyo senti moja tu ya tofauti ni dola 64. Uliza pia kama uzi, pamba na ukanda wa kingo vimo ndani.

9. Ukanda wa kingo uwe wa matabaka mawili. Kingo ndizo huchakaa kwanza.

10. Utandike. Ufue kwa maji baridi, uuanike kivulini. Ukiuweka kabatini, uukunje na kuutia ndani ya foronya ya pamba. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na ukungu wa pwani hauna huruma. Kila baada ya miezi michache ukunje upya kwa mstari mwingine.

11. Sasa lile daftari. Kata kipande cha bafta, andika kwa kalamu ya wino usiofutika au tarizi kwa uzi: jina la mwenye kanga, alizaliwa wapi, nani alishona, mwaka gani. Kishone nyuma, kwenye pembe. Na kama bibi au mama yako yu hai, usingoje sanduku lifunguliwe bila yeye. Nenda kaketi naye wiki hii, mfunue kanga mojamoja, naye akusimulie.