Dondoo Muhimu: Kabla ya Kuivunja Bima ya Maisha
Mkulima wa Rutamba ambaye ufuta wake haukustawi, na karo inamkabili ilhali sandukuni, chini ya kanga, imekunjwa mara nne hati ya bima ya maisha aliyoilipia miaka kadhaa, asikimbilie kuiuza kwa kila ajaye na fedha mkononi. Kwani ingawa Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1911 kwamba bima hiyo ni mali iuzikayo, kwetu Tanzania aghalabu mnunuzi ni kampuni iliyoitoa, nayo hulipa thamani ya kusalimisha, ambayo miaka ya mwanzo huwa haba kuliko ada zilizolipwa, au haipo kabisa.

Bima isiyo na akiba ndani yake haina thamani hiyo.

Iandikie kampuni barua, uulize ingelipa kiasi gani leo, bonasi zikiongezwa na madeni yakitolewa, na ingekukopesha kiasi gani kwa rehani ya hati hiyohiyo. Mimi naona mkopo ni afadhali, maadamu unalipika, kwa kuwa warithi hawaachwi bila kinga. Jibu lisiporidhisha, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.