Toleo Likishatoka, Tukae Tujitazame

Kijitabu hiki ni cha vijana wa Kikwe, Tengeru na Usa River wanaochangia programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. DHIS2, ambayo Wizara ya Afya huitumia kukusanya takwimu za zahanati na hospitali nchini, ni ya aina hiyo. Ndivyo ilivyokuwa pia Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Toleo jipya likitoka watu hupongezana, kisha kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake. Kasoro zinafukiwa, na toleo lijalo zinafukuka zilezile. Tunashauri kikao kifupi cha tathmini ndani ya wiki mbili, mambo yakiwa bado kichwani.

Chukua mfano. Toleo limetoka Ijumaa. Jumatatu mhudumu wa zahanati anafungua fomu, anakuta kitufe kimeandikwa "Hifadhi mabad", herufi nyingine zimekatika. Anasita kubofya, asije akafuta kazi ya asubuhi nzima. Ni rahisi kusema mtafsiri kakosea. Lakini mkulima wa mfereji huku Meru akikosa maji shambani hupanda na mfereji hadi kwenye banio, na nanyi pandeni hivyo hivyo. Kwa nini mtafsiri hakuliona kosa? Alitafsiri kwenye orodha ya maneno. Kitufe chenyewe hakukiona. Kwa nini? Maneno ya Kiingereza yaliendelea kubadilishwa hadi Alhamisi usiku, hapakubaki muda wa kujaribu. Kwa nini? Hapakuwa na siku iliyopangwa ya kuyafunga. Banio ndilo hilo, na mtafsiri hana hatia.

Norman Kerth, Mmarekani aliyeandika kitabu kuhusu vikao hivi mwaka 2001, aliweka sharti: tuamini kwanza kwamba kila mmoja alifanya kadiri alivyoweza, kwa ujuzi, muda na nyenzo alizokuwa nazo. Kwetu sharti hili ni zito zaidi, maana wengi tunajitolea. Mtu asiye na mshahara akiaibishwa mbele ya wenzake haandiki barua ya kuacha kazi. Anatoweka tu, pamoja na ujuzi wake.

Kikao kisiwe cha wenye bando peke yao. Siku tatu kabla, fungueni waraka wa pamoja, kila mtu aandike kilichokwenda vizuri, kilichotukwamisha na anachotaka kibadilike. Aliyekatikiwa umeme siku ya kikao naye atakuwa amesikika. Saa nayo iandikwe kwa saa za dunia: saa 2 usiku ya Kikwe ni 17:00 UTC. Mwenzenu wa Oslo au Toronto akiona "saa 2" tupu ataelewa vingine kabisa.

Msitoke na orodha ya mambo 15, hayatafanyika. Chagueni mawili, kila moja liwe na tarehe na mtu aliyekubali mwenyewe kulibeba. Katika mfano wetu: maneno yafungwe siku 10 kabla ya toleo, na watafsiri wapewe picha za skrini. Kikao kinachofuata kianze kwa kuuliza kama hayo mawili yalifanyika.

Kama toleo lenu la mwisho limeshatoka na hamjakaa, pangeni siku leo.