Kabla ya kibao kipya: namna ya kuwashirikisha wakazi kubadili jina la barabara

Sinza, Dar es Salaam, kuna kituo kinachoitwa Kwa Remmy. Hakuna kikao kilichoketi kupitisha jina hilo. Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kongo aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2010, alikuwa na makazi yake eneo lile; makonda wakalitaja jina, abiria wakalishika. Jiji limejaa majina ya aina hiyo: Tegeta Kwa Ndevu, Mtoni Kwa Azizi Ally, Mwananyamala Kwa Kopa. Nairobi mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2021, barabara ya Dik Dik Gardens huko Kileleshwa ilipewa jina la Francis Atwoli, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akiwa hai na madarakani. Kibao kiling'olewa, kikasimamishwa tena, kikachomwa moto.

Kwa hiyo ukiwa mwenyekiti wa mtaa, mjumbe, au mkazi tu mwenye hoja ya kubadili jina la barabara yenu, usianze kwa kutafuta jina. Anza kwa kujua barabara hiyo inaitwaje midomoni mwa watu. Nenda kijiweni kwa bodaboda uwaulize: mzigo ukitumwa huku, mnaelekezwaje? Utasikia "ile ya kwenye mwembe", "njia ya kwa fundi cherehani", "pale kwa mama wa maandazi". Huenda jina lililo kwenye kibao lisitajwe na hata mmoja. Pita dukani kwa Mangi, pita kwa mama lishe, kisha ukae na wazee waliohamia kabla barabara haijachongwa. Hao ndio watakaokwambia njia ilikatiza shambani kwa nani, kisima kilikuwa wapi, nani alikubali ukuta wake uvunjwe ili gari lipite. Yaandike yote kwenye daftari kama yalivyosemwa. Humo mna majina yanayostahili kibao kuliko mengi yanayobuniwa mezani.

Hatua inayofuata ni kulitaja tatizo kwa sentensi moja. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyofanyika kabla ya sensa ya Agosti, ilizipa barabara nyingi majina na nyumba namba kwa muda mfupi. Ilikuwa kazi kubwa na ya lazima, ila kwa kasi ile haikuwa rahisi kila mkazi kuulizwa. Je, shida yenu ni kwamba jina linafanana na la barabara ya mtaa wa pili, vifurushi vinapotea? Ni jina la mtu asiyejulikana kwenu? Au jina la zamani liliachwa bila sababu? Kila shida ina dawa yake. Majina yakigongana, wakati mwingine kuongeza neno moja kunatosha. Na kama shida haipo, ni kwamba mtu fulani anataka kumfurahisha mkubwa fulani, liacheni jina lilivyo.

Nasema hivyo kwa sababu kubadili jina kuna gharama, na gharama hiyo wanaibeba wakazi. Mwenye duka ana leseni ya biashara na cheti cha TIN vyenye anwani ya zamani. Kuna mikataba ya pango, barua za shule, fomu za benki, mabango ambayo fundi ameshalipwa. Yataje haya wazi tangu kikao cha kwanza. Watu wakiyasikia kwako mapema watapima. Wakiyagundua wenyewe baadaye watahisi wamefichwa.

Sasa suala la nani aulizwe. Hapa ndipo michakato mingi inapoharibikia, nami nakuomba usipapitie juujuu.

Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Wapangaji wamo. Nyumba moja ya uswahilini inaweza kuwa na vyumba sita na familia sita, huku mwenye nyumba anaishi wilaya nyingine na anakuja kuchukua kodi tu. Ukihesabu kura kwa nyumba, umempa sauti asiyeijua barabara na kuwanyima wanaoikanyaga alfajiri na usiku. Hesabu kwa vichwa.

Kisha angalia saa. Mkutano wa Jumamosi asubuhi unawakosa wafanyabiashara wengi. Wa Ijumaa mchana unawakosa wanaokwenda msikitini. Wa Jumapili asubuhi unawakosa wa kanisani. Jumapili saa kumi jioni huwafaa wengi, lakini usitegemee mkutano mmoja. Mama lishe anayefunga saa tatu usiku, mlinzi anayelala mchana, mgonjwa asiyetoka ndani: hao wafuatwe. Mjumbe apite mlango kwa mlango na daftari lenye safu nne, yaani jina, namba ya nyumba, maoni na saini. Tangazo libandikwe dukani, lisomwe msikitini na kanisani, liwekwe kwenye kundi la WhatsApp, na bajaji yenye kipaza sauti ipite jioni mbili tofauti. Kundi la WhatsApp peke yake halitoshi. Mara nyingi humo wanaongea watu wachache walewale.

Mapendekezo ya majina yapewe wiki mbili au tatu. Weka daftari mahali panapofunguliwa mapema na kufungwa usiku, na dai kitu kimoja: kila jina liandikwe pamoja na sababu yake. Sharti hilo dogo huondoa majina mengi ya mzaha. Yanayobaki yapimeni kwa maswali ya kawaida. Linatamkika kwa urahisi mtu akiwa juu ya pikipiki na simu sikioni? Limeshatumika ndani ya kata au kata jirani? Kama ni jina la mtu, ameshafariki, na familia yake imeulizwa? Nendeni nyumbani kwao kabla jina halijaandikwa popote. Wapo watakaofurahi, na wapo wenye sababu zao za kukataa. Wanasiasa walio hai waacheni; upepo wa siasa ukigeuka, barabara yenu itarudi kwenye mjadala.

Na tazameni orodha yenu ina wanawake wangapi. Dar es Salaam ina barabara kubwa ya Bibi Titi Mohamed, na anaistahili. Lakini kwenye barabara za ndani, majina ya watu kwa sehemu kubwa ni ya wanaume, wakati kila mtaa una mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wake, au mwalimu aliyefundisha kusoma vizazi viwili. Mkiuliza wanaume watupu, wanawake hao hawatatajwa.

Orodha ikibaki na majina matatu, pigeni kura, na kura iwe ya siri. Kunyoosha mikono mbele ya mwenye nyumba wako, au mbele ya jamaa wa marehemu anayependekezwa, si uhuru. Njia rahisi ni ndoo nne zenye vifuniko vilivyotobolewa, nyuma ya pazia la kanga, kila moja ikiwa na jina na mchoro kwa asiyesoma. Kila mkazi anakaguliwa kwenye daftari, anapewa punje moja ya haragwe, anaingia. Ndoo ya nne ni ya jina la sasa. Msiisahau hiyo, kwa kuwa mkazi anayependa jina libaki ana haki ya kulipigia kura. Hesabuni hadharani palepale, matokeo yaandikwe kwenye karatasi ya manila na ibandikwe ofisi ya mtaa siku hiyohiyo.

Kura ya wakazi pekee haibadilishi jina kisheria. Afisa mtendaji wa mtaa aandae muhtasari wenye mahudhurio yaliyosainiwa, upite kamati ya maendeleo ya kata, ufike halmashauri. Ulizeni mapema barabara yenu iko chini ya wakala gani wa barabara, TARURA au TANROADS, kwani hao ndio wa kuzungumza nao kuhusu vibao. Jina likipitishwa, hakikisheni limeingizwa kwenye mfumo wa anwani wa NaPA. Lisipoingia humo, barua ya utambulisho itaendelea kutoka na jina la zamani. Chagueni watu wawili wa kufuatilia, majina yao yatangazwe mkutanoni, nao warudi kila mara kueleza faili limefika wapi hata kama halijasogea.

Jina la zamani lisifutwe kwa pupa. Ocean Road ilipewa jina la Barack Obama mwaka 2013, na hadi leo wengi huelekezana kwa jina la awali, hospitali ya saratani ikiwa bado inaitwa hivyo. Wekeni kibao chenye majina yote mawili kwa mwaka wa kwanza, la zamani kwa maandishi madogo chini. Rudini kijiweni mkawape bodaboda jina jipya kabla ya mtu mwingine yeyote.

Na halmashauri ikilikataa jina mlilochagua, msikubali kuchagua jingine ofisini ili faili lisogee. Ombeni sababu kwa maandishi, iteni mkutano uleule, someni barua mbele ya waliopiga kura, kisha waulizeni wanataka jina la pili kwa kura au wanataka kukata rufaa.