SOMO LA BAIOLOJIA: NI NANI MWENYE KULETA MTOTO WA KIKE AU WA KIUME?



Shukrani zote zinamstahiki Allah (S.W.), aliyeumba viumbe jozi jozi. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, katika kipindi cha maswali mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Ustadh, mama amejaaliwa wasichana watano. Bibi na mashangazi wanasema tumbo lake halina mtoto wa kiume. Je, ni kweli?" Darasa zima lilinyamaza. Swali hili si la kuchekwa, kwani wapo wanawake waliosimangwa miaka mingi, na wapo walioachwa, kwa maneno kama hayo. Basi tulitazame kielimu, tukianzia shambani.

1. MIMEA

Ua ndilo kiungo cha uzazi cha mmea. Sehemu ya kiume hutoa unga mwembamba uitwao chavua. Sehemu ya kike ina vijiyai ndani yake. Chavua hubebwa na upepo, nyuki au wadudu wengine mpaka kwenye sehemu ya kike, kisha huungana na kijiyai, na hapo mbegu hutungwa.

Tazama mhindi. Ua la kiume liko kileleni, na la kike ni lile gunzi changa lenye nywele. Kila unywele unakwenda kwenye punje moja. Unywele usiopata chavua, punje yake haijai. Ndiyo maana baadhi ya mahindi huwa na mapengo.

Mpapai na mtende ni tofauti. Kwa kawaida mti mmoja huwa dume na mwingine jike, ingawa ipo pia mipapai yenye maua ya jinsia zote mbili. Wakulima wa mitende tangu zamani huchukua maua ya dume na kuyatia kwenye maua ya jike kwa mkono. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakifanya hivyo, akadhani huenda kazi hiyo haina faida. Walipoiacha, mavuno yakapungua, naye akawafahamisha kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Hapa tunajifunza kuwa kuchunguza namna vitu vinavyofanya kazi si kinyume cha imani.

2. WANYAMA

Kwa kuku, jogoo hutoa mbegu za aina moja tu kwa upande wa jinsia. Ni mtetea ndiye mwenye mayai ya aina mbili: moja hutoa jogoo, jingine hutoa jike. Jambo hilo huwa limeshaamuliwa kabla yai halijatagwa, wala umbo la yai halibadilishi kitu.

Kasa wa baharini ana utaratibu mwingine kabisa. Hufukia mayai yake mchangani, na joto la mchanga ndilo linaloamua. Mchanga wenye joto zaidi hutoa majike wengi, na wenye ubaridi hutoa madume wengi.

3. BINADAMU

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana. Kwa kawaida ndani ya kila chembe mna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu, 46 kwa idadi, yaani jozi 23. Jozi moja inahusu jinsia. Mwanamke ana X na X. Mwanamume ana X na Y.

Yai la mama na mbegu ya baba hubeba nusu tu, yaani kromosomu 23. Kwa hiyo kila yai la mama lina X. Mbegu za baba ni za aina mbili: nyingine zina X, nyingine zina Y. Mbegu yenye X ikiungana na yai, hupatikana msichana. Yenye Y ikitangulia, hupatikana mvulana. Jambo hili lilibainishwa mwaka 1905 na wanasayansi wawili wa Marekani, Bi Nettie Stevens na Bwana Edmund Wilson, kila mmoja katika uchunguzi wake wa wadudu.

Kwa hiyo lawama wanazotupiwa mama zetu zingekuwa na mashiko lau tungekuwa kuku! Kwa binadamu, tofauti hutoka kwa baba. Lakini baba naye asilaumiwe, kwa kuwa hachagui mbegu ipi itangulie. Na kila mimba ni mwanzo mpya: aliyezaa wasichana watano, mimba ya sita inakaribia kuwa nusu kwa nusu kama ile ya kwanza.

4. MAZINGATIO

Katika Surat An-Najm, aya ya 45 na 46, Allah anataja kuumbwa kwa mume na mke kutokana na tone la manii. Katika Surat Ash-Shura, aya ya 49 na 50, tunafundishwa kuwa Yeye ndiye mwenye kutoa wasichana na wavulana kwa amtakaye. Na Surat An-Nahl inawakemea wale ambao nyuso zao husawijika wanapopewa habari ya mtoto wa kike.

Basi wewe uliyeuliza, nenda ukamsomee bibi somo hili kwa adabu na upole. Na mama yako mwambie kuwa Mtume (S.A.W.) amembashiria mwenye kulea mabinti wawili hadi wakabaleghe kuwa atakuwa karibu naye Siku ya Kiyama. Yeye anao watano.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini hindi huwa na mapengo?
2. Taja tofauti kati ya kuku na binadamu katika kuamua jinsia.
3. Je, ni haki kumlaumu mama au baba kwa jinsia ya mtoto? Eleza.