Tuyo ya esansi ya motere ya bwato: uichague vizuri, uibadilishe mbele haijapasuka



Ku kazi kila mtu anajua amri. Hakuna anayeshuka ndani ya shimo na kofia yenye kupasuka, na hakuna fundi anayeacha mafuta yanavuja pembeni ya moto. Lakini siku ya Mungu, wakati tunashuka ku maji, tunasahau amri zile. Watu wa Kolwezi wanakwenda kuvua samaki kwenye ziwa Nzilo, watu wa Likasi kwenye ziwa Tshangalele. Wengine, wakati wa konji, wanatembelea ndugu kwa bwato ku Mweru, ku Lualaba upande wa Bukama, ao ku Tanganyika upande wa Kalemie na Moba. Na wazee wengine, wakimaliza kazi, wananunua motere na feza yao ya mwisho ili ilishe nyumba.

Leo tujifunze juu ya kitu kidogo cha motere ile: tuyo inayotosha esansi ndani ya bido na kuifikisha ku motere. Mara nyingi urefu wake haupiti metre tatu, na bei yake ni ndogo sana pembeni ya bei ya motere. Lakini ikipasuka katikati ya ziwa, hatari ni mbili: moto na maji.

1. KWA NINI TUYO HII NI YA HATARI?

Esansi inatoa mvuke unaoshika moto hata wakati wa baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Basi katika joto la inchi yetu, kila wakati iko tayari kuwaka. Tena mvuke ule ni mzito kupita hewa mara tatu ao ine. Haupandi juu na kupotea. Unashuka na kulala chini ya bwato, pale watoto wanakaa. Sigareti moja, mbabula ya kuchoma samaki, ao cheche ya waya wa batri inatosha kuuwasha.

Hatari ya pili haionekani upesi. Tuyo yenye tundu ndogo inaweza kuvuta hewa bila kutonya hata tone moja. Motere inakosa esansi, inakohoa, inazimika. Ku motere ya mafuta ya kuchanganya, huile inaingia pamoja na esansi; esansi ikipunguka, huile pia inapunguka, na pistoni inapata joto mpaka inashikamana. Hapo umepoteza motere. Na kama upepo wa mvua umekukuta katikati ya ziwa bila motere, unaweza kupoteza watu.

2. TUYO GANI INAFAA?

Kamata tuyo iliyotengenezwa kwa esansi na kwa bwato. Soma maandiko yaliyo juu ya mpira. Ukikuta ISO 7840, ile ni tuyo ya esansi ya mabwato inayoweza kuvumilia moto dakika mbili na nusu. Ukikuta ISO 8469, ni tuyo ya esansi ya mabwato pia, lakini haikutengenezwa kuvumilia moto. Tuyo za Marekani zinaandikwa SAE J1527: herufi A ni ile ya kuvumilia moto, herufi B haivumilii. Kwa bido la kubeba na motere inayofungwa nyuma ya bwato, tuyo ya B inatumiwa sana, kwa sababu iko nje pa hewa. Kama tanki imefungwa ndani ya bwato, chini ya mbao, chagua ile ya kuvumilia moto. Mara nyingi mwaka wa kutengenezwa umeandikwa pia. Usinunue tuyo iliyolala miaka mingi ku jua mbele ya duka.

Kipimo cha ndani kinapaswa kulingana na kile cha zamani. Motere ndogo nyingi zinatumia milimetre 6 ao 8. Motere kubwa zinatumia karibu 10. Ukitia tuyo nyembamba kupita ile iliyopaswa, motere itaenda vizuri polepole, lakini ukiongeza mwendo itakosa esansi.

Sasa zile zisizofaa:

— Tuyo ya kumwangia bustani. Esansi inaivimbisha na kuilegeza.
— Tuyo ya plastiki yenye kuonyesha ndani. Esansi inakula kile kinachoilainisha. Inakuwa ngumu kama mfupa na kupasuka wakati motere inatetemeka.
— Tuyo ya serumu ya hopitali. Ilitengenezwa kwa dawa na maji ya chumvi, si kwa esansi. Tena ile iliyokwisha kutumiwa ina damu na mikrobi ya mgonjwa. Fasi yake ni ndani ya takataka za hopitali.
— Tuyo ya hewa ya ku kazi. Mpira wake ni wa hewa, na tena ni mali ya kampani.

3. NAMNA YA KUJUA KAMA TUYO IMEZEEKA

Mbele ya kila safari, fanya hivi kwa dakika tano:

Angalia. Ikunje kidogo ku kila fasi, sana sana karibu na miisho yake. Ukiona mistari ya kupasuka, ni ya kubadilisha.

Gusa. Tuyo nzuri inakunjika na kurudia. Ikiwa ngumu kama fimbo, ao laini na ya kunata ku vidole, kazi yake imekwisha.

Nusa. Harufu ya esansi karibu na tuyo kavu inaonyesha kama mpira unapitisha mvuke.

Kamua pampu ya mkono, lile puto la mpira lililo katikati ya tuyo. Linapaswa kuwa gumu na kubaki gumu. Kama halijai, hewa inaingia fasi fulani, ao vali yake imeharibika. Kama linabonyea peke yake wakati motere inakimbia, esansi haipiti vizuri: mara ya kwanza angalia kama umefungua tundu la hewa ku kifuniko cha bido, kisha kama tuyo haikukunjamana ao kukanyagwa na sanduku.

Angalia filtri. Vipande vidogo vyeusi ndani yake vinaweza kuwa ngozi ya ndani ya tuyo inayobanduka. Hata kama nje inangaa, badilisha.

Baba mmoja atasema: «Hii tuyo ni ya miaka kumi na haijanidanganya.» Baba, mpira hauhesabu safari ulizorudi salama. Jua, esansi na kutetemeka vinaukula kila siku. Hata kama haina kidonda, usiiache ipite miaka mitano.

4. NAMNA YA KUIBADILISHA

Fanya kazi hii inje, pa hewa, bwato ikiwa imevutwa pembeni. Motere iwe baridi. Sigareti na mbabula viwe mbali, watoto pia.

1) Tosha tuyo ku motere, kisha ku bido. Mwanga esansi iliyobaki ndani ya chombo chenye kifuniko. Usiimwange ndani ya maji: watu wanakunywa pale.
2) Lalisha tuyo mpya pembeni ya ile ya zamani, upime urefu. Isivutike wakati motere inageuka, wala isifanye mizunguko ku miguu ya watu.
3) Kata kwa kisu kikali, sawasawa. Msumeno unaacha unga wa mpira unaoziba karbiratere.
4) Kama mwisho ni mgumu kuingia, uutie ndani ya maji ya moto. Usitumie kamwe moto wa kibiriti.
5) Angalia mshale ulio juu ya pampu ya mkono: unapaswa kuelekea ku motere. Ukiugeuza, esansi haitapita.
6) Funga kila mwisho na kolie ya chuma kisichopata kutu, ya kipimo chake. Waya unakata mpira. Kipande cha mpira wa kinga kinalegea.
7) Angalia pete ndogo za mpira ndani ya vichwa vya kufungia. Zikipasuka, tuyo mpya haitasaidia kitu.
8) Rudisha bido, fungua tundu la hewa, simamisha pampu na mshale ukiangalia juu, kamua mpaka iwe ngumu. Ngojea dakika kumi. Pangusa kila kifungo na kitambaa cheupe kikavu. Kikilowa, usiwashe, anza tena.
9) Kisha washa motere karibu na pembeni, ikimbie dakika chache mbele ya kupakia watu.

Haraka haina baraka: kazi hii inaomba nusu saa tu.

5. SHERIA ZA NDANI YA BWATO

Jaza bido pembeni, ku udongo, si ndani ya bwato. Chukua kizimamoto cha poda, makafi mawili na jile ya kuelea kwa kila mtu, hata mtoto mchanga. Ukinusa esansi ku safari, zima motere, zima sigareti, tafuta inapotoka. Kama moto umeshika, tosha tuyo ku bido kama mkono unaweza kufika, tumia poda ao blanketi yenye kulowa, na watu waende upande upepo unapotoka. Usimwange maji juu ya esansi: inaelea na kupeleka moto mbali zaidi.

6. KAMA MTU AMEPATIKANA NA HATARI

Esansi ndani ya tumbo. Kuvuta esansi na kinywa ni desturi mbaya. Mtu akiimeza, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya ngazi. Akitapika, esansi inaweza kuingia ndani ya mapafu, na pale ndipo inaua. Mpeleke hopitali hata kama anasema anajisikia vizuri. Kikohozi na kukosa pumzi vinaweza kuja nyuma ya saa nyingi.

Esansi ndani ya jicho. Osha na maji safi mengi dakika 15, jicho likiwa wazi. Kisha njoo hopitali.

Nguo zenye kulowa esansi. Zitoshe upesi, mbali na moto, osha mwili na sabuni. Kichwa kikizunguka, mtu akae pa hewa safi.

Moto ku mwili. Mwangia maji baridi safi dakika 20. Tosha nguo, lakini ile iliyoshikamana na ngozi uiache. Tosha pete na bangili mbele mkono haujavimba. Funika na kitambaa safi. Usipake dentifrisi, mafuta, yai wala majivu: vinachafua kidonda, na ku hopitali tunalazimishwa kuvikwangua, na mgonjwa analia mara mbili. Kila moto unaopita ukubwa wa kiganja, ao ulio ku uso, mikono, viungo ao sehemu za siri, na kila moto wa mtoto, lazima ufike hopitali.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

Msome pamoja, baba, mama na watoto, kisha mjibu:

1. Mvuke wa esansi unakwenda juu ao chini? Basi watoto wanakaa wapi ndani ya bwato yetu?
2. Tuyo yetu imeandikwa nini, na ni ya mwaka gani?
3. Mshale wa pampu unaelekea wapi?
4. Mtu akimeza esansi, ni kitu gani hatutafanya?
5. Tuko na jile ngapi, na tuko watu wangapi?

Kama jibu la swali la tano halilingani, safari ya siku ya Mungu ingojee. Samaki watakuwa pale pale juma lijalo, na sisi pia tutakuwa.