Mwani na Vijidudu vya Chakula

Ndugu mkulima, katika mashamba ya makazi maziwa ndiyo fedha ya kila siku. Yakiharibika hasara ni mbili: mfuko na afya. Basi watu wakisikia kwamba mwani wa baharini huua vijidudu vya chakula, huuliza, "Je, tuutie katika maziwa?" Somo hili lajibu swali hilo.

Kwanza tuutambue ubaya wa vijidudu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kibaya, na 420,000 kati yao hufa. Karibu thuluthi moja ya hao wanaokufa ni watoto wasiotimiza miaka 5.

MWANI NI NINI?

Mwani ni majani ya baharini. Kuna wa kahawia, wa kijani na mwekundu. Huko Kibuyuni na Mkwiro, katika Kaunti ya Kwale, wakulima, hasa akina mama, huufunga kwenye kamba zilizoshikwa na vigingi, na maji yakupwapo huenda kuutunza na kuuvuna. Unguja kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989. Hutolewa humo kitu cha kufanya vyakula na dawa ya meno viwe vizito.

Mwani mwekundu wa aina nyingine hutoa agari, ambayo huganda kama uji uliopoa. Mwaka 1881, huko Ujerumani, Bibi Fanny Hesse alimshauri mumewe, Daktari Walther Hesse, aitumie agari kukuzia vijidudu, kwa kuwa haiyeyuki katika joto la mwili kama gelatini. Tangu hapo vijidudu hukuzwa juu yake duniani kote.

JINSI MWANI UNAVYOPIMWA

Mwani hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika spiriti na kuchujwa. Spiriti ikisha kuruka, hubaki dawa nzito. Kisha vijidudu hupakwa juu ya agari katika kisahani, na kikaratasi kilicholowa dawa hiyo huwekwa katikati. Kisahani hukaa usiku kucha katika joto la digrii 37. Asubuhi, ikiwa dawa ina nguvu, huonekana duara safi kukizunguka kikaratasi, mahali vijidudu vilipokataa kuota. Duara hilo hupimwa kwa milimita. Kikaratasi kingine huwekwa bila dawa ya mwani, ili ijulikane kwamba si spiriti iliyofanya kazi.

Majaribio mengi ya namna hii yameonyesha duara. Mwani wa kahawia hasa una vitu vikali jamii ya vile viufanyavyo majani ya chai kuwa machungu. Mara nyingi vijidudu viitwavyo stafilokokasi na listeria hushindwa upesi. Salmonela na ikolai ni vigumu zaidi, kwa kuwa vina ngozi ya pili kwa nje izuiayo dawa kuingia.

MBONA TUSIUTIE KATIKA MAZIWA?

Kwa sababu kisahani si mkebe. Mafuta na protini za maziwa hushikana na dawa hiyo, isiwafikie vijidudu. Ukizidisha kipimo, ladha na rangi hugeuka. Tena nguvu ya mwani hubadilika kwa aina yake, majira na mahali ulipovunwa. Na mwani mbichi, au unga wake, si sawa na dawa iliyochujwa. Waweza hata kuleta uchafu wa pwani. Kwa hiyo mtu akikuletea unga wa mwani wa kuhifadhia maziwa, usinunue.

Fanya hesabu hii. Kijidudu kimoja, kikipata joto na chakula, chaweza kuwa viwili kwa dakika 20. Baada ya saa 1 ni 8. Baada ya saa 2 ni 64. Baada ya saa 7 ni zaidi ya 2,000,000. Nacho stafilokokasi kikiwa kingi hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kijidudu hufa, sumu hubaki. Basi kazi yafaa ianze mapema, siku ile ile, chini ya ng'ombe.

FANYA HIVI

1. Nawa mikono kwa sabuni, osha kiwele, ukikaushe kwa kitambaa safi.
2. Tumia mkebe wa chuma kisichoshika kutu au wa alumini. Uoshe kwa maji ya moto, uuinamishe juani.
3. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, au aliyechomwa sindano ya dawa, yatenge mpaka siku alizosema daktari wa mifugo zitimie.
4. Yafikishe maziwa kituoni upesi. Wakati wa kungoja, weka mkebe katika maji baridi kivulini.
5. Maziwa ya nyumbani yachemshe mapema, yafunike, yapoze.

MASWALI

1. Kwa nini kikaratasi kisicho na mwani huwekwa?
2. Kwa nini salmonela ni ngumu kuliko stafilokokasi?
3. Maziwa yalikaa katika joto tangu asubuhi, yakachemshwa jioni. Je, ni salama? Eleza sababu.

Someni somo hili pamoja katika kikundi chenu cha ushirika, na asiyejua kusoma asomewe, kwa maana huenda yeye ndiye akamuaye.