Ukitaka Mzazi Aipende Skauti, Mwonyeshe Kazi

Hapa Kilosa watu wengi wanamfahamu skauti kwa jambo moja: ndiye anayemvisha mgeni skafu siku ya Mwenge wa Uhuru. Ni kazi ya heshima, na vijana wangu huifanya kwa nidhamu. Lakini mzazi asiyeona kingine zaidi ya hapo ana haki ya kuuliza mwanawe anapata nini. Kwa miaka niliyojitolea kama kiongozi wa skauti Magomeni, sijaona maelezo yanayomshawishi kama kazi anayoiona kwa macho yake.

Anza na shida ya mahali penu. Yetu ni Mto Mkondoa. Mwishoni mwa Desemba 2009 ulifurika, na Januari 2010 maelfu ya watu walikuwa wakilala kwenye mahema huku reli ya kati imekatika. Skauti wa leo hawayakumbuki hayo. Kwa hiyo kabla ya mvua mimi huwatuma, kila kikundi na kiongozi wake, wakaulize wazee maji yalifika wapi. Wanapiga hodi, wanaamkia, wanaandika. Wanauliza pia, kwa ridhaa ya wenye nyumba, nani atahitaji kubebwa: bibi asiyeona, mgonjwa wa kitandani, mzazi aliyejifungua juzi. Kisha wanachora ramani ya njia ya kukimbilia sehemu ya juu.

Ramani hiyo asiieleze kiongozi. Mpe binti wa miaka kumi na mitatu asimame kwenye mkutano wa kitongoji aseme, “Shikamooni wazee, maji yakija, sisi wa huku tupite hapa.” Wewe kaa nyuma, unyamaze. Mama yake akimsikia anavyojibu maswali ya watu wazima bila kutetemeka, huna haja ya kumwongezea neno.

Skafu nayo itumike. Mbele ya wazazi, kijana aivue shingoni, aikunjue iwe pembetatu, aipitishe chini ya mkono wa mwenzake, afunge fundo bapa begani lisimuumize mgonjwa. Mkono umetulia, safari ya hospitali inaweza kuanza. Baba aliyewahi kuanguka na bodaboda ataelewa mara moja.

Kuna jambo ninalolithamini kuliko yote. Wilaya yetu imeumizwa sana na ugomvi wa wakulima na wafugaji, na watoto huyasikia ya nyumbani. Mwaka 1907 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, aliwachanganya watoto wa matajiri na wa wafanyakazi katika vikundi vidogo. Nasi tufanye hivyo. Usiwahutubie kuhusu amani. Wape sufuria moja, unga, maharage na kuni mbichi kidogo, waambie saa saba wale. Mtoto wa mfugaji na wa mkulima watapuliza moto uleule, na wazazi wakija kuwachukua watawakuta wanaitana majina.

Sasa usalama. Hakuna kambi bila ruhusa ya mwalimu mkuu na ya mzazi kwa maandishi. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pa faragha. Wawe viongozi wawili, na penye wasichana awepo mwanamke. Yaseme haya kwenye kikao cha kwanza kabla hujaulizwa, pamoja na namba ya mtu wa kumpigia iwapo mtoto ametendewa vibaya. Mzazi anayeuliza maswali makali ni rafiki wa skauti.

Gharama nazo ziseme wazi. Sare kamili ni mzigo kwa kaya inayosubiri mavuno, basi mtoto aanze na skafu na nguo safi alizo nazo. Na akikatazwa kuja kwa sababu kuna palizi, usishindane na jembe. Muulize mzee siku ipi shamba linapumzika, uhamishie mazoezi siku hiyo.